Degedege: ugonjwa au dalili?

Degedege ni hali ya mtoto kukakamaa, kutetemeka na kupoteza fahamu, aghalabu akiwa na homa kali. Neno hilo huhusishwa na dege, yaani ndege mkubwa. Ndiyo maana wapo waaminio kwamba mtoto amepitiwa na ndege wa kishetani.

Huko Ifakara, katika bonde la Kilombero, watafiti waliwakuta wazazi walioitenga degedege na malaria: malaria ni ya hospitali, degedege ni ya mganga. Wengine waliamini kwamba mtoto huyo akichomwa sindano hufa. Lakini palipoenea malaria, degedege mara nyingi ni dalili ya malaria kali, iletwayo na vimelea vinavyoenezwa na mbu. Mtoto aliyecheleweshwa hufikishwa hospitali akiwa taabani. Akifa, sindano hubebeshwa lawama ya kuchelewa.

Matumizi: Mfasiri asiandike “malaria au degedege”, kana kwamba ni maradhi mawili yasiyohusiana. Aandike: “Degedege huweza kuwa dalili ya malaria kali, mtoto apelekwe hospitali mara moja.”