Nje ya Lami Si Nje ya Sheria: Wapi Pikipiki Inaruhusiwa Kupita Kabuchai

Wakazi wengi wa Kabuchai hufika nyumbani kwa njia isiyo na lami. Kutoka soko la Chwele kwenda Mukuyuni, Nalondo au Luuya, bodaboda huacha barabara kuu, ikashika murram, kisha kijia kinachopita kati ya mahindi na miwa. Huko, mbali na macho ya polisi wa trafiki, ndiko vijana hujifunza kuendesha, na ndiko baadhi ya wahudumu huvua helmeti wakiamini kwamba lami ikiisha, sheria nayo imeisha.

Imani hiyo si sahihi, na inaweza kumgharimu mwendeshaji, abiria na hata anayetembea kwa miguu.

Barabara ni nini kisheria?

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haitaji lami inapoeleza maana ya barabara. Inasema barabara ni njia yoyote ya umma, pamoja na njia nyingine yoyote, uwanja wa kuegesha magari au kijia cha miguu, mradi chombo kinaweza kupita hapo na umma unafika hapo. Kwa hivyo murram ya kijijini ni barabara mbele ya hakimu sawa na barabara ya Bungoma mjini.

Maana yake ni kwamba pikipiki inayotumia njia hizo lazima iwe imesajiliwa na iwe na bima. Mwendeshaji lazima awe na leseni ya daraja linalofaa: A2 kwa pikipiki ya kawaida, A3 kwa anayebeba abiria au mizigo kwa malipo. Helmeti na koti la kuakisi mwangaza ni lazima kwa mwendeshaji na kwa abiria wake, na abiria ni mmoja tu. Trekta za kubeba miwa nazo hazina msamaha. Zikiwa njiani usiku, ni lazima ziwe na taa zinazoonekana.

Suala la bima ndilo lenye uzito zaidi. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inalazimisha kila chombo kilicho barabarani kuwa na bima ya kuwalinda watu wengine. Pikipiki isiyo na usajili ikimgonga mtoto anayetoka shuleni, hakuna kampuni ya bima ya kuendewa. Gharama ya hospitali huangukia familia ya mtoto, na kesi humwandama mwendeshaji.

Ifahamike pia kwamba sheria kufika kwenye kijia si ruhusa ya kupita kila kijia. Njia iliyotengwa kwa waendao kwa miguu kando ya barabara ni yao. Kuiingia kwa pikipiki ili kukwepa msongamano ni kosa. Mashindano ya mwendo kasi nayo hayaruhusiwi kwenye barabara ya umma bila kibali. Hata Safari Rally, iliyorudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, magari hushindana kwenye sehemu zilizofungwa kwanza kwa umma.

Ardhi ya umma ina msimamizi

Kabuchai ni eneo la mashamba yaliyopakana, na nafasi wazi ni chache. Mtu anayetafuta mahali pa kujifunza au kufurahia pikipiki huishia uwanja wa shule, ukingo wa mto au msitu ulio jirani. Kila mahali pana kanuni zake.

Kifungu cha 62 cha Katiba kinaweka misitu ya serikali, mbuga za kitaifa na barabara za umma chini ya serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Sehemu nyingine za ardhi ya umma zinashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wakazi wake. Kuwa mali ya wote si sawa na kuwa wazi kwa kila matumizi.

*Uwanja wa shule.* Hakuna anayepaswa kuendesha pikipiki hapo bila idhini ya shule, hata wakati wa likizo. Watoto huendelea kucheza humo masomo yakifungwa.

*Ukingo wa mto.* Kanuni za mwaka 2009 kuhusu maeneo oevu na kingo za mito zinalinda ukanda wa kuanzia mita 6 hadi mita 30 kutoka mahali maji yanapofika mto ukijaa. Magurudumu hulegeza udongo wa ukingo na mvua huusomba. Kuosha pikipiki ndani ya Mto Kuywa kunaacha mafuta katika maji ambayo majirani wa chini huteka. Osha mbali na mto, mahali ambapo maji machafu hayatiririki kurudi humo.

*Msitu wa Mlima Elgon.* Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inakataza kuwa ndani ya msitu wa umma kati ya saa moja jioni na saa kumi na mbili asubuhi, isipokuwa kwa wachache walioruhusiwa, wakiwemo wanaopita kwenye njia inayotambuliwa. Inakataza pia kufungua njia mpya bila kibali. Sababu iko wazi: gurudumu likipita mara nyingi mteremkoni huchimba mfereji, mvua hufuata mfereji huo, na baada ya misimu michache huwa korongo. Elgon ni mojawapo ya minara mitano mikuu ya maji nchini, na Kuywa inayopita Kabuchai huanzia huko.

*Mbuga za kitaifa.* Mbuga ya Mlima Elgon, upande wa Trans Nzoia, ilitangazwa mwaka 1968. Magari hubaki kwenye barabara zilizotengwa. Kwa kuwa kuna ndovu na nyati, mwenye pikipiki anapaswa kuuliza Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kabla ya kufunga safari. Saiwa Swamp, karibu na Kitale, hutembelewa kwa miguu.

Shamba la mtu na njia iliyofungwa

Kuingia katika shamba la mtu bila idhini yake ni kosa chini ya Sheria ya Uingiliaji, Sura ya 294. Mwenye shamba naye hana mamlaka ya kuziba njia ya umma. Panapozuka mzozo, msing'oe ua wala kupigana. Anzeni kwa liguru na chifu, kisha mwombe ramani ya eneo katika ofisi ya ardhi mjini Bungoma. Ramani ndiyo itakayoonyesha kama njia hiyo ni ya umma. Ambaye shamba lake limezingirwa kabisa anaweza kuomba njia ya kufikia barabara chini ya Sura ya 399.

Wanaotaka mahali pa kujifunzia

Hitaji hili ni la kweli. Kijana asiye na uwanja salama hujifunza sokoni, katikati ya watu. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti kazi ya kusimamia barabara za kaunti, usafiri wa umma na maeneo ya burudani, kwa hivyo ombi la uwanja wa mafunzo linaweza kuletwa kwa serikali ya kaunti.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa kila mkazi haki ya kuwasilisha ombi. Chama cha bodaboda au kikundi cha vijana kinaweza kufanya hivi:

1. Kuandika ombi kwa Bunge la Kaunti kupitia kwa karani, kikieleza uwanja unahitajika wapi na ni wa matumizi gani.
2. Kumjulisha mwakilishi wa wadi na msimamizi wa wadi.
3. Kuhudhuria vikao vya maoni ya umma. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka huwasilishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Ombi likija baada ya hapo, huenda likasubiri mwaka mwingine.

Wakati huo, mahali salama pa kujifunzia ni shule ya udereva iliyoidhinishwa, au shamba la mwenyewe aliyekubali, mbali na watoto na mifugo.