Foleni ya Mchele Unguja

Kikundi cha wasomaji katika maktaba moja ya kusini mwa Uingereza kilikuwa kikijadili By the Sea, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 2001. Msomaji mmoja akasema watu wa Unguja walivumilia udikteta kwa sababu walishazoea kusubiri. Mwanachama pekee aliyezaliwa Unguja, mama wa watoto wawili, alirudi nyumbani na hasira, na makala haya ni jibu lake.

Waingereza ndio wanaopenda kusubiri. Kila kiangazi mashabiki wa tenisi hupiga mahema Wimbledon, wakalala nje, wakapewa kadi zenye namba, na anayetoka kidogo hulindiwa nafasi yake. Septemba 2022, Malkia Elizabeth alipoagwa, mstari ulifuata mto Thames kilomita nyingi, na wapo waliosimama zaidi ya saa 12. Wakasifiwa kwenye magazeti. Lakini yeyote kati yao angechoka, angekwenda zake nyumbani akala akashiba.

Unguja, miaka ya mwisho ya utawala wa Rais Abeid Amani Karume, anayetoka kwenye foleni alirudi na kapu tupu. Mchele, unga na sukari vilikuwa vya mgao. Wakati huohuo karafuu iliiingizia serikali fedha nyingi za kigeni, kwani ilimlipa mkulima kidogo na kuuza nje kwa bei kubwa. Dhiki ile iliamuliwa ofisini, na aliyenung'unika aligeuka kwanza kuona nani yuko nyuma yake.

Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, kamatakamata ikafuata. Adam Shafi, ambaye naye alifungwa, aliiandikia riwaya ya Haini, iliyotoka 2003. Humo Hamza anateseka gerezani, na familia iliyobaki nje inaonja kifungo chake.

Katika By the Sea, Saleh Omar, mfanyabiashara wa fanicha, ananyang'anywa nyumba na kufungwa miaka mingi. Uzeeni anatua Gatwick na kijisanduku cha udi, akijifanya hajui Kiingereza. Ofisa wa uhamiaji anauchukua udi ule.

Mama aliwasimulia watoto wake hayo, na hapo ndipo walipoingilia. Binti, mwenye miaka 13, anasema ofisa ni mwizi tu. Mdogo wake anautetea ukimya wa mzee: naye alipoanza shule hapa hakufungua mdomo darasani kwa wiki nyingi, ingawa alielewa kila neno, na mwalimu akamwandika kuwa mzito wa kujifunza. Mama yao bado hajalisamehe hilo.

Sasa wanasoma Haini kwa sauti baada ya chakula cha usiku. Binti anasoma, mdogo wake anamsahihisha matamshi, wanagombana, na ukurasa mmoja unachukua nusu saa. Wamefika Hamza anapohojiwa, na mvulana ameshataka kujua kama bibi yake alimfahamu.