Pigo la Kichwa Halipimwi kwa Damu: Tunajifunza kwa Golikipa Petr Čech



Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunazungumzia kuumia kichwani. Wengi wetu tunapoona mtu amegonga kichwa, tunatazama kwanza kama kuna damu. Ikiwa haipo, na aliyeanguka ameinuka mwenyewe, tunampa pole na kumwacha aendelee na shughuli zake. Desturi hiyo imewagharimu wengi. Ili tuelewane vizuri, tutatumia mfano wa mtu ambaye vijana wengi wa parokia zetu wamemwona kwenye televisheni: golikipa Petr Čech.

Kazi ya golikipa

Wachezaji wengine huufuata mpira kwa miguu. Golikipa huufuata kwa mikono, na mikono inapokwenda chini, kichwa nacho huenda chini, kwenye usawa wa viatu na magoti ya wapinzani. Mpira wa kona unapopigwa, yeye huruka katikati ya viwiko na huweza kuanguka kwa kisogo. Nguzo za goli nazo ziko karibu naye muda wote.

Pamoja na hatari hizo, golikipa anayetunzwa vizuri huweza kucheza miaka mingi kuliko wenzake, kwa kuwa hakimbii sana kama wao. Dino Zoff wa Italia alitwaa Kombe la Dunia mwaka 1982 akiwa na umri wa miaka 40. Essam El-Hadary wa Misri alicheza Kombe la Dunia nchini Urusi mwaka 2018 akiwa na miaka 45, na katika mchezo huo akaokoa penalti.

Yaliyompata Čech

Čech alizaliwa mwaka 1982 katika mji wa Plzeň, katika nchi iliyoitwa wakati huo Chekoslovakia. Alicheza kwao, kisha Rennes ya Ufaransa, na mwaka 2004 akajiunga na Chelsea ya Uingereza. Katika msimu wake wa kwanza Chelsea ilitwaa ubingwa ikiwa imefungwa magoli 15 tu katika michezo 38.

Tarehe 14 Oktoba 2006, Chelsea ilicheza na Reading. Dakika ya kwanza ilikuwa haijaisha, Čech akainama kuudaka mpira, na goti la mshambuliaji likampiga kichwani. Hospitalini iligundulika kwamba mfupa wa fuvu umevunjika na kubonyea ndani. Alifanyiwa upasuaji. Katika mchezo huohuo golikipa aliyechukua nafasi yake, Carlo Cudicini, naye aligongwa akazimia, na beki John Terry akamalizia golini.

Čech hakurudishwa uwanjani haraka. Alikaa nje kwa miezi mitatu, akarudi tarehe 20 Januari 2007 akiwa amevaa kofia laini ya kukinga fuvu, inayofanana na ile ya wachezaji wa raga. Aliivaa hadi alipostaafu mwaka 2019. Mwaka 2012 alisaidia Chelsea kutwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya, na katika fainali hiyo aliokoa penalti ya Arjen Robben. Aliichezea nchi yake mara 124. Sehemu kubwa ya mafanikio hayo aliyapata baada ya kuumia, kwa sababu alitibiwa upesi na akapewa muda wa kupona.

Ndani ya kichwa kunatokea nini?

Ubongo ni laini sana, nao umezungukwa na maji ndani ya fuvu. Kichwa kikipigwa, ubongo hutikisika na kugonga kuta za fuvu. Madhara huweza kuwa ya aina tatu:

1. Mtikiso wa ubongo. Hakuna mfupa uliovunjika, lakini ubongo haufanyi kazi sawasawa kwa muda. Mtu huweza kupata mtikiso bila kuzimia hata kidogo.

2. Kuvunjika fuvu, kama ilivyokuwa kwa Čech.

3. Kuvuja damu ndani ya fuvu. Hii ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu damu haionekani nje. Mtu huweza kuinuka, akazungumza na kula, na baada ya saa kadhaa akazidiwa ghafla. Kwa wazee, damu huweza kuvuja polepole kwa siku au hata wiki kadhaa.

Kuumia kichwani kunaweza kuua. John Thomson, golikipa wa Celtic ya Scotland, aligongana na mshambuliaji tarehe 5 Septemba 1931, akavunjika fuvu na kufariki jioni hiyohiyo. Alikuwa na miaka 22.

Shingo nayo isisahauliwe. Mwaka 1956, katika fainali ya Kombe la FA la Uingereza, Bert Trautmann wa Manchester City aligongwa shingoni, akavumilia maumivu na kucheza hadi mwisho. Siku chache baadaye picha ya eksirei ilionyesha kwamba shingo imevunjika. Watu wanamsifu kwa ushujaa, lakini sisi tukumbuke kwamba alinusurika chupuchupu. Mtu mwingine angepooza au kufa.

Dalili za kumpeleka hospitali mara moja

Mpeleke bila kusubiri asubuhi ukiona mojawapo ya haya:

- amezimia, hata kwa muda mfupi;
- anatapika mara kwa mara;
- maumivu ya kichwa yanazidi kuongezeka;
- anasinzia kupita kawaida au ni vigumu kumwamsha;
- amechanganyikiwa, anarudia swali lilelile, au hakumbuki alipo;
- mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine, au anaona vitu viwili viwili;
- mkono au mguu umelegea, au maneno hayatoki vizuri;
- amekakamaa na kutetemeka kama mwenye kifafa;
- maji meupe au damu inatoka puani au masikioni;
- shingo inauma sana.

Kwa mtoto mchanga, angalia pia kama utosi umevimba, anakataa kunyonya, au analia bila kunyamaza.

Mtoto mchanga, mzee, au mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, apelekwe hata kama dalili hizi hazijaonekana.

La kufanya pale pale

Simamisha mchezo. Ikiwa mtu amezimia au analalamika shingo, usimwinue, usimkalishe wala usimvute mikono. Mwache alivyolala, mmoja ashike kichwa chake kisitikisike, na mwingine aite msaada. Hakikisha anapumua. Kama anatapika, mgeuzeni ubavu, kichwa na mwili vikigeuka pamoja. Asipewe chakula wala kinywaji. Akibebwa, alazwe juu ya machela au ubao na kubebwa na watu kadhaa. Penye jeraha, bana kwa kitambaa safi, lakini usikandamize mahali ambapo mfupa umebonyea.

Kama ameumia kidogo na yuko macho, asirudi mchezoni siku hiyo, hata akisema yuko salama. Asiachwe peke yake kwa saa 24 za mwanzo. Kwa maumivu, parasetamoli inatosha. Aspirini na dawa za jamii ya diklofenaki zisitumike mwanzoni, kwa kuwa huweza kuongeza kuvuja damu. Pombe asinywe.

Watu wengi huamini kwamba aliyeumia kichwa asilale kabisa. Ukweli ni kwamba usingizi wa kawaida haudhuru, tena unasaidia. Lililo muhimu ni kumchungulia usiku na kuhakikisha kwamba anaamka akiitwa. Asipoamka vizuri, mpeleke hospitali.

Lini arudi uwanjani?

Siku mbili za mwanzo apumzike, ingawa kutembea polepole nyumbani kunaruhusiwa. Kisha arudi kwa hatua: shule kwanza, halafu mbio nyepesi, halafu mpira bila kugongana, na mwisho mechi. Dalili zikirudi, arudi hatua ya nyuma. Miongozo iliyotolewa Uingereza mwaka 2023 kwa michezo ya wasiolipwa inataka mchezaji asirudi kwenye mashindano kabla ya siku 21.

Kwa nini subira yote hiyo? Kwa sababu pigo la pili juu ya ubongo usiopona, hasa kwa kijana, huweza kuufanya ubongo uvimbe ghafla na kumuua. Kwa ajili hiyo sheria za soka, tangu tarehe 1 Julai 2024, zinaruhusu mashindano kutoa nafasi ya ziada ya kumbadilisha mchezaji mwenye mtikiso wa ubongo.

Kofia kama ya Čech ni nzuri kwa kulinda mfupa uliowahi kuvunjika, lakini haizuii ubongo kutikisika. Mzazi asidhani kwamba akinunua kofia amemaliza kazi.

Kwetu parokiani

Mashindano ya vigango na ya vijana huleta furaha na umoja. Tuyaandae kwa uangalifu. Nguzo za goli zifungwe imara chini, maana goli lililoanguka linaweza kumuua mtoto. Awepo mtu mmoja anayejua huduma ya kwanza, na ijulikane mapema ni gari gani litakalompeleka majeruhi na ni kituo gani kilicho karibu. Yatendwe hayahaya kwa aliyeanguka toka kwenye mwembe au kwenye pikipiki.

Nanyi makocha na wazazi, msimwite mwoga kijana anayesema kichwa kinamuuma. Akiogopa kuchekwa, atanyamaza, na ukimya huo unaweza kumuua. Amri ya tano inatudai kuulinda uhai wetu na wa jirani. Kombe la kigango litachezwa tena mwakani, na tunamtaka kijana huyo awepo.