Johari: sifa za jiwe na sifa za muuzaji

Johari (nomino; wingi: johari) ni jiwe la thamani, kama vile almasi, yakuti au zumaridi. Neno hili lina asili ya Kiarabu. Katika zama za kati, wajuzi wa johari waliandika vitabu kuhusu sifa zake. Lakini sifa ni hali ya kitu, na pia ni maneno ya kukisifu. Al-Biruni, mtaalamu wa karne ya 11, alizitenganisha: iliponenwa kuwa zumaridi hupofusha nyoka, alimvisha nyoka mkufu wa zumaridi, akamchunguza kwa miezi kadhaa, nyoka hakupofuka. Basi mkazi wa Zagayu, Itilima, akiletewa “almasi ya Mwadui” kutoka Shinyanga, na aulize: jiwe limepimwa, au limesifiwa tu?