Chuma Kirudicho Nyumbani

Mgeni apandaye kutoka Marikiti ya Machakos kuelekea vilima vya Iveti, akipita mashamba yaliyokatwa matuta ngazi juu ya ngazi na miembe iliyoinama kwa uzito wa matunda, aghalabu hadhani kuwa juu ya mteremko ule, katika baraza ya nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu, iko jamaa ya watu ambao kwao kuruka kwa roketi upande wa pili wa dunia ni jambo la kukusanyikia, kama wazee wetu walivyokusanyikia harusi, mavuno na mvua. Mimi ni mmoja wao tangu mwaka 2023, na nia yangu ni kuieleza jamaa hii kwa desturi zake, kwa kuwa mashine tuzitazamazo zimekwisha kuelezwa na wajuzi wazijuao kuliko mimi, lakini desturi zetu hazijaandikwa na mtu.

Hatuna jina, hatuna daftari la wanachama, wala hatutozani ada. Mwenyeji wetu, ambaye sote twamwita Mwalimu, alisomesha hisabati kwa miaka mingi na mkono wake hata leo haukai bila chaki. Pamoja naye yuko fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye kibanda mjini. Yuko mama auzaye maembe sokoni. Yuko kijana Mwislamu, mtoto wa mjini, ambaye uhodari wake ni kukumbuka tarehe. Na wako wasichana wawili wa sekondari, wajukuu wa Mwalimu, ambao ndio macho yetu, kwa maana wao huona kwenye kioo cha simu vitu ambavyo sisi wenye miwani hatuvioni mpaka tuonyeshwe.

Ukambani pana kazi ya shirika iitwayo mwethya, ambayo kwayo majirani hulima kwa zamu shamba la huyu na shamba la yule, na kwayo matuta mengi ya vilima hivi yalichimbwa, hata nchi iliyokuwa ikichukuliwa na maji ikashikamana. Katika baraza ile mwethya umehamia katika mambo ya anga. Mmoja huleta bando la intaneti, mwingine huleta maziwa, mwingine makaa, na mama wa maembe huja na chakula cha muthokoi katika sufuria lenye kifuniko, ambalo baada ya kupakuliwa ndilo huegemezwa simu juu ya kiti ili wote wapate kuona. Wadogo hukaa mbele na wakubwa nyuma. Mtu akiwa hana cha kuleta siku hiyo, huleta macho yake, wala haulizwi.

Jamaa hii ilizaliwa kwa kungoja. Mwezi wa Aprili, mwaka 2023, taifa zima lilisubiri kuruka kwa Taifa-1, setilaiti ndogo ya kutazama ardhi, iliyotengenezwa kwa ajili ya Shirika la Anga za Juu la Kenya na wahandisi wa SayariLabs wakishirikiana na kampuni ya EnduroSat ya Bulgaria. Ilitajwa siku, hali ya hewa ikakataa. Ikatajwa siku nyingine, ikakataa tena. Wengine mjini walichoka, wakaenda zao. Mwalimu alituambia kuwa mtu aliyekulia katika nchi ambayo mvua za vuli zaweza kuchelewa mwezi mzima, na ambayo mama zake hupanda mbegu mavumbini kabla ya tone la kwanza, hana udhuru wa kushindwa na subira ya siku chache. Tukabaki. Tarehe 15 Aprili, saa tatu na dakika 48 asubuhi, Taifa-1 ikaondoka Vandenberg, California, ikiwa imebebwa na roketi ya Falcon 9 pamoja na mizigo mingine mingi.

Sote tulikuwa tumekuja kwa ajili ya bendera. Hatukuwa na habari ya busta, yaani ile sehemu ya chini ya roketi yenye injini tisa, ambayo hubeba uzito wote mwanzoni na ambayo zamani ilikuwa ikiachwa ianguke na kupotea kila safari. Dakika chache baada ya kuruka, setilaiti yetu ikiendelea na njia yake, busta ile iliukata mwendo, ikageuka, ikateremka mkia chini, ikawasha injini karibu na ardhi, ikasimama kwa miguu yake minne katika kituo kile kile ilikotoka. Mtangazaji akasema kuwa hiyo ilikuwa safari yake ya kumi. Kijana wetu wa tarehe alipopekua, akakuta kuwa chuma hicho hicho, mnamo Novemba 2021, kilikipeleka angani chombo cha DART, kilichokwenda kuligonga jiwe la angani liitwalo Dimorphos mwaka uliofuata. Fundi wa kuchomelea akanyanyuka kitini. Alikuwa mtu wa maneno machache, na maneno aliyoyasema siku ile ni haya: "Kimekwenda mara kumi, na mara kumi kimerudi kwa mwenyewe." Tangu hapo akawa haachi kuja.

Ndipo ilipoanza desturi yetu ya kuzijua busta moja moja, kwa namba zao na kwa safari zao, kama mfugaji ajuavyo ng'ombe wake kwa madoa na kwa uzao. Wakamba wa karne ya 19 walikuwa watu wa misafara, waliopeleka pembe za ndovu hadi Mombasa kupitia nyika isiyo na maji, na kwa jamii ya misafara heshima ya msafiri haiwi katika kuaga, huwa katika kurejea. Nadhani damu hiyo ndiyo inayotufanya tuhesabu marejeo na kuyapita maondoko harakaharaka.

Siku tano tu baada ya Taifa-1, tarehe 20 Aprili, ikaruka kwa mara ya kwanza ile roketi kubwa kupita zote, Starship, kutoka pwani ya Texas. Urefu wake ulikaribia mita 120, na chini yake zilikuwapo injini 33, ingawa si zote zilizowaka. Ilikuwa saa kumi na nusu alasiri, katika siku za mwisho za Ramadhani, na kijana wetu alitazama huku amefunga. Dakika nne hivi baada ya kuinuka, roketi ilipoteza mwelekeo, ikabiringika angani, ikapasuka. Binti mmoja alishangaa kuwasikia watu wa Texas wakipiga makofi. Mwalimu akamfahamisha kwamba chombo kile kilikuwa cha kujaribia, na kwamba waliokiunda walitaka kwanza kiondoke mahali pake bila kukiharibu kituo, kisha wajifunze kwa kila sekunde itakayoongezeka. Lakini mama wa maembe hakuona makofi kuwa adabu. Alisema "poleni" kwa sauti ya wazi, kama mtu aliyeketi matangani, akiwaambia wahandisi ambao hawakuwa na njia ya kumsikia. Desturi hiyo imedumu: chombo kikiharibika, hakuna ashangiliaye na hakuna achekaye, twasema pole, twanyamaza kidogo, ndipo aliye mdogo kuliko wote apewe nafasi ya kwanza kueleza alichokiona.

Watu husema kwamba mambo haya ni ya kigeni kwetu. Siwezi kukubali. Susu yangu, yaani mama wa mama yangu, alitusimulia mara nyingi habari za Syokimau, mwanamke mtabiri wa Ukambani, ambaye kabla ya reli kujengwa alimwona nyoka mrefu wa chuma atemaye moto na moshi, akitambaa kutoka maji ya huku hadi maji ya kule. Nyoka yule alikuja, akaupita mji wa Machakos kando, akafika Nairobi mwaka 1899, na makao ya utawala yakahama kumfuata. Kwa hiyo mtoto wa Machakos hufundishwa mapema kuwa chuma kitemacho moto si mchezo, na kwamba njia kipitayo ndiyo huamua ni mji gani utakaokua na ni upi utakaobaki nyuma.

Na kabla ya chuma, asili yetu yenyewe ni habari ya kushuka kutoka juu. Marehemu Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Mulango katika Kitui, ameandika mapokeo ya Wakamba ya kwamba Mungu aliwatoa mume na mke wa kwanza mawinguni, akawaweka juu ya mwamba wa Nzaui, ambapo alama za nyayo zao husemwa kuonekana hata leo. Mwalimu hulipenda sana neno lile "akawaweka". Hawakutupwa, waliwekwa, tena mahali palipojulikana, na mahali hapo wajukuu waweza kupaonyesha kwa kidole. Zamani niliyasikia maneno yake kama mapambo ya mazungumzo. Mwaka 2024 ulinifundisha uzito wake.

Tarehe 13 Oktoba ya mwaka ule ilikuwa Jumapili, na wengi wetu tulitoka ibadani tukaenda moja kwa moja barazani. Saa tisa na dakika 25 alasiri Starship ikaruka kwa mara ya tano. Busta yake, chombo cha mita sabini na kitu, kirefu kuliko majengo yote ya mji wetu, ikaachana na chombo cha juu, ikageuka, ikarudi kwenye mnara ule ule ilioondokea, na dakika saba hivi tangu kuruka kwake, mikono miwili ya chuma iliyotokeza katika mnara ikaipokea ikiwa ingali hewani. Haikuwa na miguu ya kusimamia; ilidakwa. Sijawahi kuiona baraza ile kimya kama ilivyokuwa. Fundi alivua kofia. Mama wa maembe, ambaye mikono yake imepokea watoto wengi wa majirani, alisema kuwa sasa ameona mkunga wa chuma.

Siku 78 zikapita. Tarehe 30 Desemba, wakati ule ule wa saa tisa alasiri, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa kilo zipatazo 500 ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Mbooni, nchi iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Machakos ya zamani, na ambako masimulizi yetu husema ndiko Wakamba walikoanza kuenea. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilifika, likakichukua kipande kile, likaeleza kwamba kwa uchunguzi wa awali kilikuwa pete ya kutenganisha sehemu za roketi, na kwamba vitu vya namna ile kwa kawaida hukusudiwa viungue katika hewa au vianguke mahali pasipo na watu, kama baharini. Kwa rehema ya Mungu hakuumia mtu.

Mwaka ule ule, saa ile ile ya alasiri, vyuma viwili kutoka angani: kimoja kilirudi mahali kilipotarajiwa kwa kipimo cha kiganja, kingine kilijiendea tu mpaka kikawaangukia wakulima wasio na habari nacho. Tangu Mukuku, siwezi tena kuongea juu ya roketi zirudizo kama jambo la gharama peke yake. Ni kweli kwamba busta ni sehemu kubwa ya bei ya roketi, na kwamba kuitumia tena hupunguza nauli ya kwenda angani. Bila ya hivyo hata Taifa-1 ingalipata shida kupata nafasi. Lakini kwa mtu wa Ukambani faida iliyo kubwa ni kuwa chuma kile kina mahali pa kurudi. Hata sisi Wakenya tuliirithi desturi ya kuangusha: kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, roketi tisa za Scout zilipeleka setilaiti angani baina ya 1967 na 1988, mojawapo ikiwa ile iliyobatizwa Uhuru kwa kuwa iliruka tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wetu. Ni fahari, nami nina fahari nayo. Ila hakuna hata moja katika zile Scout iliyorudi kwa mwenyewe.

Basi tuliongeza desturi mpya, ambayo sasa ndiyo ya kwanza kwa taadhima. Kabla ya kila jaribio, Mwalimu hukunjua ramani ya dunia mezani, na binti mmoja huweka kidole mahali ambapo kila kipande cha roketi kinatazamiwa kushuka, na mpaka kidole kiwe kimewekwa hakuna amiminaye chai. Binti wa pili amenakili katika daftari lake kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1972 huitwika nchi iliyorusha chombo dhima ya madhara yatakayotokea juu ya ardhi, hata kama haikufanya uzembe. Tarehe 16 Januari 2025, ambayo kwetu ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 17, wiki mbili na siku chache baada ya Mukuku, busta ya Starship ilidakwa vizuri, lakini chombo cha juu kilipasuka na mabaki yake yakashuka upande wa visiwa vya Turks na Caicos. Zamani tungaliishangilia ile busta. Usiku ule hakuna aliyepiga kofi. Mama wa maembe aliuliza kama visiwa hivyo vina watu, na alipoambiwa kuwa vinao, akakaa chini na kusema pole, safari hii kwa wenyeji.

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Agosti 2025, saa nane na nusu, tulikesha tena kwa jaribio la kumi la Starship, blanketi mabegani, kwa sababu baridi ya Iveti mwezi wa nane haina huruma. Kidole cha binti kilikuwa katika Bahari ya Hindi, upande wa magharibi ya Australia, katika maji yale yale ambayo mwisho wake wa huku hupiga ukuta wa Mombasa. Saa moja na zaidi kidogo baada ya kuruka, chombo cha juu kilitokea katika moto wa kuingia hewani, ngozi yake imebadilika rangi, kikajisimamisha wima, kikagusa maji. Binti akatazama kioo, akatazama ramani, hakukiondoa kidole.

Nawe msomaji uishiye Mbooni, Kibwezi, Mwingi au popote katika nyanda hizi, ukisikia kishindo mchana usio na mawingu na ukakuta chuma kigeni shambani mwako, usikiguse, wala usiwaache watoto wakikaribie, maana chaweza kuwa na mabaki ya mafuta yenye sumu. Mpelekee habari chifu au polisi siku ile ile. Na ukisikia kuwa roketi itaruka, panda Iveti uje utazame nasi. Baraza yetu ni ile yenye taa.