Rufani Baada ya Kukiri Kosa la Silaha

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kueleza jambo moja la sheria ya Kenya ambalo wengi hawalifahamu vema. Tuseme polisi wameona bunduki darini mwa mtu, naye hana cheti cha kumruhusu kuwa nayo. Apelekwa mbele ya hakimu, asomewa mashitaka, ajibu, "Ni kweli," kisha afungwa miaka mingi. Jamaa zake hutoka barazani wakisema mambo yamekwisha, kwa kuwa aliyekiri hana rufani. Hayajaisha.

Sheria humzuia aliyekiri asirudi kulikana kosa lenyewe. Lakini juu ya adhabu mlango u wazi: aweza kuiuliza Mahakama Kuu kama adhabu ile ni halali, na kama imezidi. Wala majaji hawapunguzi kwa huruma tu. Mwaka 1954 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba jaji haigeuzi adhabu kwa sababu yeye mwenyewe angalitoa nyingine. Sharti aone kwamba hakimu alifuata kanuni isiyo sawa, au alisahau jambo kubwa, au adhabu imepita kiasi waziwazi. Basi asemaye "Nina watoto" peke yake hajasema mengi. Afadhali aonyeshe kwamba hakimu hakuihesabu miezi aliyokwisha kukaa rumande, nayo sheria yaagiza ihesabiwe. Au kwamba bunduki na risasi zake, zilizoonekana mahali pamoja na wakati mmoja, zimemletea vifungo viwili vya kufuatana, badala ya kwenda sambamba.

Tena yafaa kuangalia alivyokiri. Mwaka 1973 mahakama hiyo hiyo ilieleza utaratibu wake: mashitaka yaelezwe kwa lugha aijuayo mshitakiwa, jibu lake liandikwe kama alivyolisema, kisha asomewe habari za kosa na kuulizwa kama ndivyo zilivyo. Ikiwa alijibu, "Bunduki ilikuwa ya marehemu babu, sikujua kwamba imo darini," huko si kukiri, hata hakimu akiandika kwamba amekiri. Hapo aweza kuipinga hata hatia yenyewe.

Siku ni chache: 14 tangu kutolewa hukumu. Aliye gerezani humpa mkuu wa gereza hati yake ya rufani, naye huipeleka. Akichelewa kwa sababu nzuri, Mahakama Kuu yaweza kumruhusu, lakini lazima aombe na kuieleza sababu hiyo.

Liko jambo moja ambalo waandishi wa barua wa sokoni hawapendi kulitaja. Mahakama Kuu ipunguzayo adhabu ina uwezo wa kuiongeza pia. Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, mfungwa na aombe nakala ya mwenendo wa kesi yake, na kama hajui kusoma, asomewe neno kwa neno na mtu anayemwamini.