Kazi ya kufundisha Kiingereza ng'ambo: Namna ya kumtambua wakala tapeli

TANGAZO lenyewe huwa fupi na la kuvutia. Walimu wa Kiingereza wanatafutwa kwa ajili ya shule iliyoko Bangkok, Seoul au Shanghai. Mshahara ni wa dola, nyumba ni ya bure, tiketi ya ndege italipwa na mwajiri, na uzoefu si lazima. Kwa kijana aliyehitimu ualimu Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, ambaye ametembeza vyeti vyake miaka miwili au mitatu bila kuajiriwa, maneno hayo huingia moyoni kabla ya kupita akilini.

Si kila tangazo la namna hiyo ni la uongo. Walimu wa Kiingereza wanahitajika kweli sehemu nyingi za dunia, na baadhi ya njia za kuwapata ziko wazi kabisa. Rwanda, baada ya kuamua mwaka 2008 kuwa Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa katika kufundishia, ilihitaji walimu kutoka nje ya mipaka yake. Mwaka 2022 nchi hiyo ilipokea walimu 154 kutoka Zimbabwe kwa makubaliano ya serikali hizo mbili. Katika mpango wa aina hiyo hakuna dalali, na mwenye swali anajua wizara ya kuiuliza.

Ugumu huanza pale kati ya mwalimu na shule anaposimama mtu wa tatu, ambaye hana ofisi inayojulikana na anazungumza kwa simu ya mkononi tu.

Jambo la kwanza la kutazamwa, hata kabla ya wakala na mshahara, ni pasipoti ya mwombaji mwenyewe. Waombaji wengi hulidharau, ilhali ndilo linaloweza kuufichua uongo kwa dakika chache bila gharama yoyote.

Korea Kusini ni mfano mzuri. Viza ya E-2, ambayo hutolewa kwa walimu wa lugha za kigeni, kwa upande wa Kiingereza kwa kawaida hutolewa kwa raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mkenya au Mtanzania, hata akiwa na shahada ya uzamili katika isimu ya Kiingereza na lafudhi ya mtangazaji wa redio ya London, hahesabiwi. Kanuni hiyo ina harufu ya ubaguzi, na wako wengi walioilalamikia, lakini ndiyo inayotumika ubalozini. Kwa hiyo wakala anayemwahidi mwalimu wa Arusha viza ya E-2 ama haijui kazi yake, ama anaijua vizuri mno.

China nayo haiko mbali na hapo. Mgeni anayekwenda kufanya kazi huko hutakiwa kuwa na viza ya Z, na mwalimu wa lugha hutakiwa kimsingi awe anafundisha lugha yake ya kwanza, awe na shahada, na awe na uzoefu wa miaka miwili au sifa nyingine inayokubalika badala yake. Kwa Kiingereza, sharti la lugha ya kwanza kwa kawaida husomwa kwa kutazama uraia, na nchi zinazotajwa ni zile zile saba. Waafrika wa Mashariki waliowahi kufundisha katika miji ya China kwa viza za wanafunzi, za biashara au za matembezi ni wengi. Mawakala huwaambia kwamba hayo ni mambo ya kawaida, kila mtu hufanya hivyo, na kibali kitafuata baadaye.

Sheria ya China ya mwaka 2012 kuhusu kuingia na kutoka kwa wageni, iliyoanza kutumika Julai 1, 2013, inasema vingine. Mgeni anayefanya kazi bila kibali hutozwa faini ya kati ya yuan 5,000 na 20,000, na kosa likiwa zito anaweza pia kuwekwa mahabusu kwa siku tano hadi 15. Sheria hiyo inamtaja pia mwanafunzi wa kigeni anayefanya kazi kinyume cha masharti. Aidha, anaweza kurudishwa kwao. Polisi wanapofika shuleni anayekamatwa ni mwalimu, na wakala wakati huo yuko nchi nyingine akiandika tangazo jipya.

Mwalimu wa namna hiyo hana pia pa kulalamika asipolipwa mshahara, kwa kuwa akienda kushtaki atakuwa anajishtaki mwenyewe. Shule zisizo waaminifu zinalijua hilo na hulitumia. Hali ilizidi kuwa ngumu mwaka 2021, serikali ya China ilipobana vituo vya masomo ya ziada vya kibiashara, na vingi kati ya vile vilivyokuwa vikiajiri wageni vikafunga milango.

Thailand ni habari ya namna nyingine, na yastahili kuelezwa kwa kirefu. Nchi hiyo haifungi mlango kwa kutazama pasipoti peke yake. Walimu kutoka Ufilipino na baadhi ya nchi za Afrika hufundisha huko kihalali, wakiwa na viza ya B isiyo ya uhamiaji, kibali cha kazi na idhini ya baraza la walimu la nchi hiyo. Kwa sababu hiyo tangazo la kazi ya kufundisha Thailand huaminika kwa urahisi, na wafanyabiashara ya binadamu wameitumia imani hiyo.

Tangu mwaka 2022 serikali ya Kenya imekuwa ikiwaonya raia wake juu ya kazi bandia za Thailand. Waliookolewa kutoka huko wamesimulia kwamba waliahidiwa kazi safi: huduma kwa wateja, ukalimani, kufundisha Kiingereza. Walisafiri kwa viza za utalii. Walipotua Bangkok walipokelewa na dereva aliyewapeleka, si mjini, bali kaskazini-magharibi, safari ya takriban kilomita 500 hadi Mae Sot. Mji huo uko mpakani, na kinachoutenganisha na Myanmar ni Mto Moei, ambao si mpana. Ng'ambo ya mto ni Myawaddy, na pembeni yake ndiko yalikojengwa maboma yenye kuta na walinzi wenye bunduki, likiwamo lile linaloitwa KK Park.

Ndani ya maboma hayo hakuna shule. Aliyefika hunyang'anywa pasipoti na simu, kisha huketishwa mbele ya kompyuta na kuamriwa kuwatapeli watu wa Ulaya, Marekani na kwingineko kwa kujifanya mpenzi au mshauri wa uwekezaji wa sarafu za kidijitali. Asiyefikisha kiwango alichopangiwa hupigwa au kunyimwa chakula. Anayetaka kuondoka huambiwa alipe, na mara nyingi simu ya kuomba fedha hizo hupigwa kwa wazazi wake.

Katika ripoti yake ya Agosti 2023, Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kuwa watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar, na wapatao 100,000 nchini Cambodia, walikuwa wakilazimishwa kufanya utapeli huo. Ripoti hiyo ilieleza pia kwamba wengi wa waathirika ni wasomi, wanaojua kompyuta na lugha zaidi ya moja. Ufasaha wa Kiingereza, ambao mwalimu wa Afrika Mashariki anaujivunia kuwa mtaji wake, ndio hasa unaomfanya awindwe. Mapema mwaka 2025 watu zaidi ya 7,000 walitolewa katika maboma ya eneo la Myawaddy, Wakenya wakiwamo. Wengi wao walikaa majuma kadhaa mpakani wakisubiri ndege za kuwarejesha makwao. Oktoba mwaka huo jeshi la Myanmar liliivamia KK Park, na zaidi ya watu 1,500 wakakimbilia upande wa Thailand.

Je, ishara zilikuwapo kabla ya safari? Zilikuwapo, na moja kubwa ni usaili. Shule inayotafuta mwalimu huuliza mambo ya ualimu. Itataka kujua mwombaji angewafundishaje watoto wa miaka minane nyakati za vitenzi, amewahi kushika darasa la wanafunzi wangapi, na ni mwalimu mkuu gani anayeweza kumshuhudia. Itataka nakala ya shahada, na katika nchi nyingi itataka hati ya polisi, ile ambayo Wakenya huiita cheti cha mwenendo mwema. Usaili wa kazi ya ualimu usiogusa ualimu, ukamalizika kwa ujumbe mfupi wa simu wenye pongezi, haukuwa usaili.

Ishara nyingine ni karatasi zinazopaswa kutangulia safari. Nchi zinazoajiri wageni kwa utaratibu hutoa hati ya mwajiri kabla mfanyakazi hajapanda ndege. China hutoa taarifa ya kibali cha kazi, ambayo mwombaji huipeleka ubalozini kupata viza ya Z. Japan hutoa hati ya ustahiki kupitia idara yake ya uhamiaji. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, barua ya ajira hupitia wizara ya rasilimali watu, nayo inaweza kuhakikiwa kwa namba yake. Wakala akisema hati hizo zitashughulikiwa "mkishafika", mwombaji ajue kwamba kwa mujibu wa taratibu za nchi hizo jambo hilo limegeuzwa miguu juu.

Halafu kuna suala la fedha. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa mwaka 1997 unasema, katika ibara yake ya saba, kwamba mawakala binafsi wa ajira wasimtoze mfanyakazi ada wala gharama, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma, isipokuwa pale nchi inaporuhusu kwa sababu maalumu. Sheria ya kazi ya Umoja wa Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 nayo inamkataza mwajiri kumtwisha mfanyakazi gharama za kumtafuta. Katika biashara halali ya kuwapata walimu, shule ndiyo humlipa wakala kamisheni, kwa kuwa shule ndiyo yenye shida. Mwombaji hujigharamia pasipoti, uthibitishaji wa vyeti, na pengine viza, na fedha hizo hulipwa ofisi ya serikali au ubalozini kwa stakabadhi, si kwa namba ya simu ya mtu binafsi.

Wako pia wanaouza vyeti. Mwombaji huambiwa amepata kazi, ila anapungukiwa cheti cha kufundisha Kiingereza, ambacho kwa bahati njema wakala huyo huyo anacho na atakiuza kwa bei nafuu. Vyeti vinavyoheshimika, kama CELTA cha Cambridge au kile cha chuo cha Trinity cha London, huhitaji saa zipatazo 120 za masomo pamoja na saa sita za kufundisha wanafunzi halisi huku mkufunzi akitazama. Cheti kinachopatikana kwa siku mbili bila kusimama mbele ya darasa hakiwezi kuwa sawa na hicho, hata kikipigwa mihuri mitatu.

Kuhusu leseni, Kenya ina Mamlaka ya Taifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo huweka orodha ya mawakala waliosajiliwa. Tanzania ina Sheria ya Taifa ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999, inayowataka mawakala binafsi wawe na kibali, na TaESA ndiyo inayojulikana kwa huduma za ajira upande wa serikali. Hata hivyo, kuliona jina la kampuni katika orodha hakutoshi. Matapeli wameizoea mbinu ya kuazima jina la kampuni halali na kuandika chini yake namba zao wenyewe. Salama ni kuchukua namba kutoka kwenye orodha ya serikali, kupiga huko, na kuuliza kama kazi hiyo inajulikana. Vivyo hivyo kwa shule: itafutwe anwani yake bila kupitia kwa wakala, na aombwe mwalimu mmoja wa kigeni anayefundisha pale azungumze na mwombaji. Shule isiyoweza kumtoa hata mmoja ina sababu yake.

Mkataba usomwe wote. Saa za kufundisha na saa za kuwapo shuleni ni vitu viwili tofauti. Mkataba wa saa 24 kwa juma unaweza kumaanisha saa 40 za kukaa kituoni. Iangaliwe faini ya kuvunja mkataba, nani anashika pasipoti, na ni nakala ya lugha ipi itakayofuatwa pakitokea mzozo. Na ukubwa wa mwajiri si kinga. Oktoba 2007 NOVA, iliyokuwa kampuni kubwa kuliko zote za kufundisha Kiingereza nchini Japan, iliomba ulinzi wa mahakama mjini Osaka baada ya kulimbikiza mishahara. Maelfu ya walimu wa kigeni, waliokwenda kihalali na kwa viza sahihi, walijikuta bila malipo, na baadhi wakitishiwa kutolewa katika nyumba walizopangishiwa na mwajiri. Walioweza kurudi kwao upesi ni wale waliokuwa na akiba ya nauli.

Akiba hiyo iwe mkononi mwa msafiri mwenyewe. Nakala za pasipoti, viza, mkataba na tiketi zibaki kwa ndugu mmoja nyumbani, pamoja na namba ya ubalozi ulio karibu na mahali anakokwenda. Kwa Wakenya waendao Thailand, ubalozi upo Bangkok kwenyewe. Msafiri na ndugu huyo wakubaliane neno moja ambalo likisikika katika simu litamaanisha kuna hatari. Na dereva aliyekuja kumpokea uwanja wa ndege akisema shule imehamia mkoani, mahali pa kusimama na kupiga simu ni hapo hapo uwanjani, penye watu na polisi, kabla ya mlango wa gari kufungwa.